Saa Tatu Kasorobo, Aberdeen

Lugha yangu huhesabu saa kwa jua:
likichomoza, hesabu inaanza,
moja, mbili, mpaka sita juu ya utosi.
Hapa Aberdeen, Desemba,
saa tatu kasorobo na dirisha bado ni kaniki,
na saa tisa u nusu jua limeshakunja jamvi
kama mgeni aliyekuja kutoa pole, akakataa hata chai.

Nilianza kuumwa magoti penye ngazi.
Kisha nyonga. Kisha uchovu usio na jina,
ule wa kuamka kana kwamba umelaliwa na gunia la pumba.
Nikasema ni umri. Nikasema ni zamu za usiku.
Mwajabu, dada yangu, akasema kwenye simu: ni husuda.
Daktari Pillai akatoa damu, vichupa viwili,
siku ya nne akanipigia:
"Vitamini D yako ni ishirini na tatu.
Tungependa ivuke hamsini."

Ishirini na tatu!
Mimi wa Singida,
binti wa shamba la alizeti,
niliyeanikwa pamoja na mbegu juu ya turubai,
niliyetumwa dukani mchana wa jua kali bila kandambili,
mama akinifokea mgongoni: pita kivulini, utakuwa mkaa!
Leo nanunua jua kwa pauni nne,
vidonge tisini,
kifuniko kisichofunguka kwa mkono wa mtoto,
wala kwa wangu, asubuhi za baridi.

Nikamuuliza daktari: kitauondoa uchovu huu?
Maana Rutendo wa zamu ya mchana anaapa
kinatibu mafua, huzuni, moyo, mpaka ndoa.
Akacheka, si sana.
"Mifupa, naweza kukuahidi kidogo.
Misuli, tuone. Hayo mengine
watafiti bado wanabishana.
Meza kimoja, usimeze vitatu.
Hata jua likizidi huunguza."
Nilimpenda kwa ile "kidogo" yake.
Anayekuahidi kidogo hana haja ya kukudanganya.

Kazini nasukuma toroli la dawa, mlango hadi mlango.
Chumba cha saba, Bwana Farquhar,
mwalimu wa jiografia miaka thelathini na minane,
aliyevunjika nyonga kwa kuinuka kitini tu.
Mkono wake mweupe, mishipa yake mito ya ramani
iliyosahauliwa ukutani.
Kwenye kadi yake: vitamini D, kumi na tisa.
Nikaisoma mara mbili.

Nilikuwa nimeamini hii ni adhabu ya ugenini,
kodi inayotozwa ngozi kama yangu.
Na kweli, ngozi yangu inadaiwa zaidi, daktari kanieleza.
Lakini huyu, babu zake wamezikwa mtaa wa pili,
na mawingu hayakumtambua.

Nikampa chake kwa kijiko cha uji.
Changu nikakitoa mfukoni, tukameza pamoja.
"Afya," akasema, bilauri ya maji juu.
Halafu: "Kwenu, jua likoje?"
Nikatafuta neno, nikakosa sifa, nikampa kitenzi:
kwetu huota jua, huota ndoto,
na mbegu ardhini nayo huota.
Neno lile lile.
Akafumba macho, akalionja, ulimi ukijikwaa:
ota. Ota.

Nje, saa tatu kasorobo.
Ukingoni mwa paa la mawe ya kijivu
mstari wa njano, mwembamba kama uzi wa kushonea.
Sijui kama ni kidonge; ni wiki ya tatu tu.
Goti bado linalalamika ngazini, ila leo
nilifika juu kabisa
ndipo nikalikumbuka.